Nielekeze Njia ya Kwenu

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimekupigia simu wiki mbili, inaita mpaka yenyewe inaona haya inanyamaza. Nikasema huyu mzee ama kapata mchumba ama kanichoka. Basi nimenunua bahasha kama watu wa zamani.

Huku hatujambo. Mume wangu hajambo, anakusalimu sana. Kibanda changu cha kuchonga funguo kipo palepale, kati ya duka la viatu na mlango wa ngazi, na watu bado wananiletea funguo zilizopinda wakitaka nizinyooshe kama nguo. Mimi Zambarau wako naendelea kuwa zambarau. Juzi mteja alinitazama midomo, akaniuliza kama nimekunywa wino. Nikamwambia nimekunywa, na kiu haijaisha.

Sasa jambo lenyewe. Ni tumbo, Mjomba, chini ya mbavu za kulia. Linanikamata baada ya kula, natupwa chini kama mzigo. Wamenipima wakakuta vijiwe kwenye mfuko wa nyongo. Daktari mpasuaji akasema ni kazi ndogo, utalala, utaamka, utarudi kwenye funguo zako. Nikafurahi. Akaja mwenye dawa ya usingizi, akanibana kidoleni kile kidude cha kupima hewa ya damu, akaona namba, akakipangusa, akahamia kidole kingine. Nikamwambia usihangaike, kidude ni kizima, mbovu ni mimi. Nikamweleza tundu la moyo nililozaliwa nalo na lile bomba nililowekwa utotoni. Akafunga faili. "Dada, mimi sikulazi usingizi." Hospitali ya pili vilevile, ila yule aliniita mama.

Na mpasuaji anasema kijiwe kimoja kikiziba njia, hapo tena hakuna kuchagua. Kwa hiyo nikilazwa naweza kufa, na nisipolazwa naweza kufa. Naogopa, Mjomba.

Umelaza watu kwa dawa ya usingizi maisha yako yote. Nilipowekwa bomba ulikuwa msaidizi tu, lakini ulinibeba mgongoni mpaka mezani. Wengine wanamwambia mgonjwa ahesabu namba, wewe uliniinamia ukasema, "Nielekeze njia ya kwenu." Nikakuelekeza mpaka kwenye pipa la maji la mama, zaidi ya hapo sikumbuki. Njoo unilaze wewe. Sitaki mtu mwingine.

Zambarau


2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Karani wa posta ya hospitali naye kaniuliza kama barua imetoka kwa mchumba, sijui mmepanga. Habari ya simu niache nayo, simu za siku hizi zinakula maneno. Andika. Kusoma nasoma vizuri tu.

Huku kuzima. Mvua iliingia dirishani ikalowesha godoro, nimeligeuza, sasa nalala upande aliokuwa akilala marehemu mke wangu. Kuku wa jirani anataga juu ya kitanda changu kama mwenye nyumba. Hayo ndiyo magazeti ya huku.

Sasa kaa kwenye kigoda chako unisikilize. Hao waliokukataa usiwatukane. Wameogopa, na aliyeogopa ni bora kuliko anayejifanya jasiri kwa roho ya mwenzake. Moyo wa mtu una ukuta katikati: damu iliyokwisha hewa inakaa huku, yenye hewa kule. Ukuta wako una tundu, na mlango wa kwenda mapafuni ni mwembamba. Damu yako ni mvivu kama ulivyokuwa wewe kwenye kuosha vyombo. Ikiona mlango mwembamba inakata kona, inapita tunduni, inarudi mwilini bila kuchukua hewa. Ndiyo hiyo rangi yako. Bomba linaipeleka kiasi mapafuni, na ndilo lililokufikisha hapo ulipo.

Dawa ya usingizi inalegeza mishipa ya mwili. Mishipa ikilegea kupita kiasi, damu inapata kisingizio cha kukata kona zaidi, na mgonjwa anabadilika rangi mezani. Unakumbuka ulivyokuwa unachuchumaa katikati ya mchezo, wenzako wakidhani umeokota kitu? Ulikuwa unaibana miguu ili damu irudi kwenye njia yake. Sisi mgonjwa kama wewe akitubadilikia, pamoja na dawa, tunamkunja magoti yakaribie tumbo. Ni mambo yaleyale.

Kwa hiyo atakayekulaza lazima ajue. Ajue kwamba themanini na kitu kwenye ile mashine ndiyo afya yako, asihangaike kutafuta mia. Asikuache na kiu kutwa, damu yako ni nzito tayari. Na mpira wa dripu usiwe na povu la hewa hata moja. Kwa mtu mwingine povu dogo linaishia mapafuni, halina neno. Kwako linaweza kupita tunduni likapanda kichwani.

Hapo hospitali kuu ya kwenu kuna daktari wa usingizi, mwanamke mrefu, kicheko chake kinasikika mpaka chumba cha maiti. Alipokuwa mwanafunzi mimi ndiye niliyemfundisha kushika barakoa. Mtafute.

Mimi kuja, tutaona. Kazi imenibana.

Mjomba wako


6 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pole na godoro, na kuku mlipishe kodi. Hapa mkanda wa mashine yangu ya kuchonga ulikatika, nikakaa siku kadhaa natazama miguu ya wapita njia. Nyumbani kuzuri. Maumivu yamenijia tena mara mbili, ya pili yalinikuta kwenye ngazi, nikakaa pale mpaka mlinzi akanipa mkono.

Simtaki mwanafunzi, namtaka mwalimu. Huyo daktari hanijui. Nitamfuata nimwambie nini, kwamba Mjomba wangu kashindwa kupanda basi kwa hiyo nilaze wewe? Nitakufanyia mahali pa kulala, nauli nitatuma. Siku ngapi hizo? Unilaze, uniamshe, urudi kwa kuku wako.

Halafu kuna kitu kinanikera. Jumapili nilipiga tena, ukapokea. Ukasema haloo, haloo, haloo. Nikakuita, Mjomba, ni mimi, ni Zambarau. Nilipaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Ukakata. Ulikuwa unanisikia. Kwa nini ulikata?


28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Ni mtandao mbovu, usitafute mchawi.

Habari za huku ni zilezile. Mguu unauma kidogo. Likizo yangu imesogezwa mbele, na mkubwa wa kazi si mtu wa kuombwa mara mbili. Umemwona yule daktari? Hukuniandikia. Na mumeo mbona barua hii hakunisalimu? Mwambie nimemkumbuka.

Mjomba wako


12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Habari siulizi, maana huwa hujibu.

Nimepata hospitali ndogo ya mtu binafsi, ghorofani juu ya duka la rangi. Mpasuaji wao yupo tayari mwishoni mwa mwezi. Hawana maswali mengi. Kovu langu liko ubavuni chini ya kwapa, nitasema niliangukia bati. Midomo nitapaka rangi. Kidude cha kidole kikitoa namba ndogo nitasema vidole vina baridi. Habari ya moyo sitaitaja, nikiitaja tu nafukuzwa, na nimechoka kufukuzwa nikiwa nimevaa gauni lililo wazi mgongoni.

Uliniandikia kwamba aliyeogopa ni bora. Basi mimi nimechoka na walio bora, wewe ukiwa wa kwanza wao. Kama ungekuwa unanipenda ungekuja.


20 Mei

Zambarau,

Leo sisalimii. Barua hii nampa dereva wa lori la dawa anayekuja huko, maana posta itanichelewesha. Usifanye hivyo. Nakusihi, mwanangu, usifanye hivyo.

Uliniuliza kwa nini nilikata simu. Nilikata kwa sababu sikujua kama kuna mtu. Sisikii, Zambarau. Nimekuwa kiziwi.

Ile mashine yetu inalia kwa kila pigo la moyo. Hewa ikishuka damuni, sauti nayo inashuka, inakuwa nzito. Anayelaza watu macho yake yako kwa mgonjwa, mashine anaiachia masikio. Mimi nilikuwa naweza kumimina dawa huku nimegeuka, na sauti ikishuka kidogo tu nimeshajua. Mwaka jana mpasuaji alinigusa bega akaniambia, "Mzee, mashine inapiga kelele." Nikaangalia, taa nyekundu inawaka. Mgonjwa hakuwa na neno, kidude kilikuwa kimechomoka kidoleni. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu nayo kama niko shambani. Nikaenda mwenyewe kupimwa masikio, na baada ya hapo nikavua kofia ya chumba cha upasuaji.

Sasa nipo chumba cha kuchemshia vyombo. Naosha mikasi, naifunga kwenye vitambaa, naiingiza kwenye joto. Nyumba ya hospitali nimeirudisha, nimepanga chumba mahali. Sikumwambia mtu. Niliona aibu. Kwenu nilikuwa Mjomba mlaza watu, na niliona nikiacha kuwa huyo mtakuwa hamna sababu ya kunitafuta. Nina upweke, mpwa wangu. Siku nyingine narudi kazini nilikotoka, ili nikae tu na mtu wa zamu nimwone mdomo ukicheza.

Ningekuja kwa miguu kama ningekuwa na masikio. Sasa nije nikulaze, damu yako ishuke, mashine ipige kelele, na mimi nimekushika taya nakutazama kwa upendo nisisikie? Ndiyo maana sikuja. Usiseme tena kwamba sikupendi.

Waambie ukweli. Marehemu mama yako aliwafundisha kwamba mgonjwa mzuri hana kelele. Dada yangu nilimpenda, lakini hapo alikosea kabisa. Mgonjwa mkimya ndiye anayetuponyoka. Piga kelele, Zambarau. Kisha nenda kwa yule mrefu.

Mjomba wako


27 Juni

Mjomba wangu mimi,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba.

Lori la dereva wako liliharibika njiani, likakaa gereji. Barua nimeipata juzi, ina alama ya kidole cha grisi. Kwa hiyo siku ya hospitali ndogo nilikuwa sijaisoma.

Nilikwenda. Midomo nimepaka nyekundu kama bi harusi. Tangu jana yake jioni sijala wala kunywa. Wakasema zamu yangu ya pili, ikawa ya tatu, ikapita adhuhuri. Ulimi umekauka, kichwa kinagonga, na aliyeuliza kama nahitaji kitu nikamjibu hapana asante. Unatujua. Sisi wa nyumba ya mama, tungeungua moto tungemwomba radhi jirani kwa moshi.

Nesi akanichoma dripu, akaifungulia, akakimbilia kwa mwingine. Nikaliona povu. Dogo, kama punje ya mtama, linateremka kwenye mpira, linasimama, linateremka tena. Nikakumbuka barua yako ya Machi. Na unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, nesi huyu ana kazi nyingi, nisimsumbue. Wallahi Mjomba, hivyo hivyo! Kifo kinakuja kwenye mpira na mimi naona haya kuita. Likakaribia mkono. Nikaukunja mpira kwa vidole vyangu vya kuchongea funguo nikaubana, nikapiga ukelele. Wala haukuwa neno, sauti tu. Wakaja wote, hata muuza rangi wa chini. Nikawaambia nina tundu la moyo na bomba ubavuni, na kovu si la bati.

Mpasuaji alinigombeza mpaka akatokwa na jasho. Akaniuliza kama nilitaka kumfunga jela. Nesi alikaa chini akalia. Kisha wakanipa maji, nikanywa mpaka nikacheuka, na mpasuaji mwenyewe akanishusha ngazi taratibu na barua ya kwenda hospitali kuu.

Sasa ya kwako. Barua yako niliisoma kibandani, nikamwambia mteja arudi kesho. Mimi nilikuwa nakupigia kelele kwenye simu mpaka jirani anagonga ukuta, nawe upo upande wa pili unaita haloo kwenye kisima. Nimekukasirikia miezi yote hii. Nisamehe.

Na mimi nikupe yangu. Mume wangu hayupo. Aliondoka Januari, kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Alisema amechoka kuamka usiku kusikiliza kama napumua. Salamu zake nilizitunga mimi. Angekuwa kiziwi tungedumu. Natania, usikasirike.

Yule mrefu nimemwona, nikamkabidhi barua zako. Siku yangu ni katikati ya Julai. Ukiona kimya kirefu, utajua mwenyewe.

Zambarau


2 Agosti

Zambarau,

Sijui barua hii namwandikia nani. Julai imekwisha. Karani sasa akiniona anatingisha kichwa kabla sijafika dirishani, ananionea huruma, na mimi huruma yake siitaki.

Nimemwomba mwenzangu wa zamu apige simu hospitali kuu kwa niaba yangu. Aliongea, akatikisa mabega, akaniandikia kwenye kiganja: wanasema tungoje. Ningekuwa nasikia ningepiga mwenyewe, ningejua kwa pumzi tu ya aliyepokea.

Nakuandikia hivyohivyo. Kuku ameangua vifaranga. Mvua hakuna. Andika, mwanangu, hata neno moja.


5 Agosti

Mjomba,

Shikamoo! Niko hai, nimetanguliza hilo. Mkono wa kuandikia ulivimba kwa dripu, ndiyo maana nimekawia, na sikutaka mtu mwingine akuandikie, ukauona mwandiko mgeni ukaanguka kwa hofu palepale posta.

Yule daktari alisoma barua zako huku anatembea. Kufika mwisho akasema, "Nielekeze yuko hai?" Nikamuuliza Nielekeze ndiye nani. Kumbe ndilo jina lako huko, hakuna aliyekuita vingine! Akacheka kicheko kile. Kisha akasoma tena ile sehemu ya masikio, akafuta miwani.

Alinipanga wa kwanza. Asubuhi akanipa maji kwa mkono wake. Mpira wa dripu aliupitia kwa tochi, anaugonga kwa kucha, mpaka nikamwambia basi. Mashine akaiwekea kengele ya namba zangu, siyo za watu. Akaongeza sauti niisikie na mimi, akasema, "Huyo ndiye wewe, huyo." Nikajisikiliza, Mjomba. Nilikuwa napiga vizuri tu.

Akaniinamia. "Nielekeze njia ya kwenu." Nikaanza njia ya chumbani kwangu: duka la viatu, mlango wa ngazi, ghorofa ya pili. Hapo nikakumbuka hakuna wa kumfungulia. Nikamwambia ngoja, nimekosea, nikashika njia ya kwa mama. Nyumba yenyewe ina wapangaji siku hizi, lakini nilimpeleka. Nilifika kwenye pipa la maji. Yeye anadai niliendelea kidogo, eti nikamwambia asiogope kuingia, Mjomba yupo ndani.

Katikati niliwatisha. Anasema sauti ilishuka, ikashuka, wakanikunja magoti na kuniongezea dawa, wote wamesimama wanaisikiliza mpaka ikapanda tena. Mfuko wa nyongo umetoka na vijiwe vyake. Wamenionyesha kwenye chupa, vibaya sana.

Nimeambiwa nipumzike. Kibanda nimefunga. Chumbani nasikia friji ya jirani, basi. Wewe umeuliza watu njia za kwao maisha yako yote, nani amewahi kukuuliza wewe? Hata ulikohamia sikujui, najua sanduku la posta tu. Nielekeze njia ya kwako.

Zambarau


16 Agosti

Zambarau, Zambarau, Zambarau,

Marahaba. Niliisoma pale dirishani nimesimama, karani akaniletea kiti. Nililia. Kwa kuwa sijisikii sijui nililia kwa sauti gani, lakini watu walitoka maofisini.

Sasa fuata. Ukishuka stendi wapite wabeba mizigo, watakuita dada mpaka uchoke, shika ukuta wa shule. Ukuta ukiisha kuna kinyozi mwenye kioo kilichopasuka, kata kulia. Hapo kinaanza kilima. Usikivamie. Nusu yake kuna jiwe pana mbele ya duka la mkaa, chuchumaa hapo mpaka pumzi irudi, usione haya; mwenye duka nimeshamwambia mpwa wangu atapita na atakaa. Ukifika juu utaona bomba la maji linalovuja, limechimba mfereji wake. Fuata mfereji unavyoteremka. Nyumba ni ya mlango wa kijani, pita uani, mimi ni chumba cha mwisho, penye vifaranga.

Godoro nimelianika, na lingine nimeazima. Dirisha nimeziba panapoingia mvua. Utaniandikia maneno kwenye karatasi, nami nitakujibu kwa mdomo mpaka uombe nikae kimya.

Usipige hodi. Nakujua, utabisha taratibu, ukose jibu, usimame uani kwa adabu zako mpaka jua litue, na mimi niko ndani nakungoja sisikii. Ufunguo nimeutia humu kwenye bahasha. Chonga wa kwako, uje, ufungue tu.

Mjomba wako